MUME MWENYE SHAKA, MKE MWENYE IMANI: NYUMBA YA CHARLES NA EMMA DARWIN

Siku ya Jumanne, tarehe 29 Januari 1839, katika kanisa dogo la kijiji cha Maer, jimbo la Staffordshire nchini Uingereza, kijana mmoja mtaalamu wa elimu ya viumbe alimwoa binamu yake aliyemzidi umri kwa miezi tisa. Bwana harusi aliitwa Charles Darwin. Bibi harusi alikuwa Emma Wedgwood, binti wa ukoo mashuhuri wa watengenezaji wa vyombo vya udongo. Mali ilikuwapo pande zote mbili, koo zilijuana tangu mababu, na wazee wote waliridhia. Lakini Emma aliingia katika ndoa ile akijua jambo moja ambalo wageni wengi waliokuwapo hawakulijua: mumewe alikuwa ameanza kuitilia shaka dini.

Jina la Darwin litajwapo siku hizi, watu hukumbuka ugomvi. Wapo wahubiri wamtajao kuwa adui wa Mungu, na wapo wakanamungu wamtajao kuwa shahidi wao mkuu. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa mageuko ya viumbe siku ya Ijumaa, na Jumapili husomewa sura ya kwanza ya Mwanzo. Akirudi nyumbani hana wa kumwuliza, au akiuliza hugombezwa. Ni wachache wanaojua kwamba mabishano hayo, kabla hayajafika magazetini na mahakamani, yalikaa miaka arobaini na mitatu mezani pa mtu na mkewe, waliokula pamoja, wakalea pamoja na kuzika pamoja.

USHAURI WA BABA

Charles hakulelewa awe mpinzani wa dini. Baba yake, Daktari Robert Darwin wa mji wa Shrewsbury, ambaye mwenyewe hakuwa mwamini, alimpeleka kwanza Edinburgh kusomea uganga. Kijana hakustahimili kuona wagonjwa wakipasuliwa bila dawa ya usingizi, maana dawa hiyo ilikuwa haijapatikana siku zile. Ndipo alipohamishiwa Chuo Kikuu cha Cambridge ili hatimaye awe kasisi wa Kanisa la Anglikana. Alipopanda merikebu ya Beagle mwezi Desemba 1831 kwenda kuizunguka dunia, alikuwa angali Mkristo wa kawaida, hata baadhi ya maofisa wa merikebu wakimcheka kwa kuinukuu Biblia kana kwamba inatosha kumaliza kila ubishi.

Safari ile ilichukua karibu miaka mitano. Huko Amerika ya Kusini alichimbua mifupa ya wanyama wakubwa waliokwisha kutoweka, ambao kwa umbo walifanana na wanyama wadogo walio hai katika nchi ile ile. Katika visiwa vya Galápagos aliona ndege wa jamaa moja waliotofautiana kisiwa kwa kisiwa. Aliporudi kwao mwaka 1836 alianza kujiuliza kama kila aina ya kiumbe iliumbwa peke yake, au kama aina moja huweza kuzaa nyingine katika muda mrefu.

Jibu alilolipata halikuwa la ajabu kwa mtu aliyewahi kufuga. Mfugaji humchagua dume aliye bora, na baada ya vizazi kadhaa kundi lake hubadilika. Darwin alisema kwamba maumbile nayo huchagua, bila mkono wa mfugaji: viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kulishwa, hakuna wawili walio sawa kabisa, na yule mwenye tofauti ndogo inayomfaa ndiye aishiye akazaa. Yarudie hayo kwa mamilioni ya miaka, na jamaa moja itakuwa jamaa nyingi. Hii ndiyo nadharia yenyewe. Haisemi kwamba nyani wa leo alimzaa mtu, kama wasemavyo watu vijiweni, bali kwamba wote wawili wana babu mmoja wa zamani sana.

Mzee Robert alipojua kwamba mwanawe anataka kuoa, alimpa ushauri wa kiutu uzima: ayafiche mashaka yake. Katika kazi yake ya uganga alikuwa amewaona wanawake walioishi kwa raha na waume zao mpaka siku mume alipougua, ndipo wakaanza kuteseka wakihofu kwamba mume atapotea milele, na mateso hayo yakamrudia mgonjwa kitandani. Ushauri huo ulikuwa mzuri kwa mtu awezaye kunyamaza. Charles hakuweza. Alimweleza Emma yote kabla ya harusi.

BARUA YA MKE

Emma hakuwa mwanamke wa kushika dini kwa mazoea tu. Mwaka 1832 alifiwa na dada yake Fanny, waliyekuwa wakienda pamoja kama pacha, na tumaini lake kubwa lilikuwa kumwona tena mbinguni. Alimshukuru mchumba wake kwa kutomficha kitu, akamwomba asome katika Injili ya Yohana maneno ya Yesu ya kuwaaga wanafunzi wake.

Wiki chache baada ya harusi alimwandikia barua, ingawa walikuwa wakikaa nyumba moja, kwa kuwa mambo mengine ni mepesi kuyaandika kuliko kuyasema. Alikiri kwamba mtu anayeitafuta kweli kwa moyo safi hawezi kuwa na kosa. Lakini alimwuliza kama desturi ya wataalamu ya kutoamini kitu mpaka kithibitishwe haikuwa imemzoesha vibaya, akataka kupima kwa kipimo kile kile mambo yasiyoweza kupimwa hivyo. Hoja hiyo ni nzito, na wasomi wa vyuo vikuu wameirudia mara nyingi tangu hapo kwa maneno magumu zaidi. Mwisho wa barua ndipo ilipokuwa hofu yake yenyewe: angesikitika sana kama angedhani kwamba wao wawili si wa kila mmoja hata milele.

Charles aliihifadhi barua hiyo maisha yake yote.

Mwaka 1842 walihamia kijiji cha Downe katika jimbo la Kent, katika nyumba iitwayo Down House. Watoto kumi walizaliwa, na saba wakafikia utu uzima. Emma aliendesha nyumba iliyojaa watoto, watumishi na mume mgonjwa, maana Charles alisumbuliwa na tumbo, kutapika na udhaifu ambao madaktari hawajakubaliana hadi leo ulitokana na nini. Mama alipiga piano jioni na kumsomea mumewe riwaya. Kila usiku walicheza mchezo wa kete na dadu, na bwana akaandika hesabu ya ushindi. Mwaka 1876 alimwarifu rafiki yake wa Marekani kwamba mkewe ameshinda mara 2,490 na yeye mara 2,795. Hata piano ilitumiwa katika utafiti: vyungu vyenye minyoo ya ardhini viliwekwa juu yake ili ijulikane kama minyoo husikia. Haikusikia sauti, lakini mtikisiko ulipopita katika chungu ilikimbilia mashimoni.

Mwaka 1844 Charles alimaliza kuandika maelezo marefu ya nadharia yake, akayafunga pamoja na barua kwa mkewe: kama atakufa ghafla, Emma atenge pauni 400 na kumtafuta mtu wa kuyachapisha. Alimwachia amana ile mtu ambaye maandishi hayo yangemwumiza kuliko wote. Emma aliyasoma. Pale mumewe alipoeleza kwamba jicho liliweza kutokea hatua kwa hatua, aliandika pembeni kwamba hiyo ni dhana kubwa mno. Charles hakuudharau ukosoaji huo. Jambo la jicho alilihangaikia kwa miaka mingi.

MTOTO ANNIE

Binti yao wa kwanza, Anne Elizabeth, ambaye nyumbani aliitwa Annie, alizaliwa Machi 1841. Alikuwa mtoto mchangamfu, mpenda kupanga vitu vyake vizuri, aliyependa kuzitengeneza nywele za baba yake. Mwaka 1850 alianza kudhoofika. Machi 1851 baba yake alimpeleka mji wa Malvern kwa Daktari James Gully, aliyetibu kwa maji baridi, tiba ambayo Charles mwenyewe alikuwa ameiona kuwa na nafuu. Emma alibaki nyumbani kwa sababu alikuwa na mimba ya miezi saba.

Katikati ya Aprili hali ya mtoto ilibadilika ghafla. Charles aliitwa, akafika siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Kwa siku sita alikaa kando ya kitanda akiandika barua kwa mkewe, siku nyingine zaidi ya mara moja: ametapika, amelala, amekunywa uji kidogo, mapigo ya moyo yamepata nguvu, yamedhoofika tena. Barua za matumaini zilimfikia Emma wakati matumaini yalikuwa yamekwisha kupotea, na za kukata tamaa zilipofika mtoto alikuwa amepata nafuu. Alipopewa maji, Annie alishukuru kwa adabu. Jumatano baada ya Pasaka, tarehe 23 Aprili, saa sita za mchana, alifariki. Alikuwa na umri wa miaka kumi.

Baba hakungoja mazishi. Aliona kwamba mahali pake ni kwa mkewe, akaondoka siku iliyofuata, na Annie akazikwa Malvern na jamaa wengine. Mwezi uliofuata Emma alijifungua mtoto wa kiume, Horace.

Waandishi wengi wamesema kwamba siku ile ndiyo iliyomfanya Darwin aache Ukristo. Kusema hivyo ni kurahisisha mno. Yeye mwenyewe alieleza kwamba kutoamini kulimjia polepole, bila kishindo, na uzeeni aliwaambia wageni kwamba aliacha imani alipokuwa na umri wa miaka arobaini, yaani kabla Annie hajafa. Lililomwudhi zaidi halikuwa jambo la sayansi. Lilikuwa ni fundisho la adhabu ya milele, ambalo kama ni la kweli, basi baba yake, kaka yake Erasmus na karibu marafiki zake wote wangeungua bila mwisho. Hakuona jinsi mtu mwema angeweza kutamani hilo liwe kweli. Emma naye hakulipenda fundisho hilo, wala hakuamini kwamba imani ya Kikristo inalihitaji. Kwa hiyo mke mwamini na mume asiyeamini walikataa jambo moja, naye akabaki kanisani na mwenzake akatoka.

Kifo cha Annie kiliwagusa wote wawili mahali palepale, lakini kila mmoja alikwenda njia yake. Emma alizidi kulihitaji tumaini la kuonana tena. Charles hakuliona tena. Watu waliowafahamu walisema kwamba ni mara chache sana wawili hao walimtaja mtoto huyo.

JUMAPILI KIJIJINI

Jumapili Charles aliwasindikiza jamaa zake kuelekea kanisani, kisha akaenda zake matembezini. Emma aliingia na watoto. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Wakristo wasiokiri Utatu, kwa hiyo waumini walipogeukia altare kukiri imani, yeye na watoto wake walibaki wakitazama mbele. Nyumba ile, basi, ilikuwa na namna mbili za kutokubaliana na paroko, na paroko hakuwafukuza. Kasisi John Brodie Innes alikuwa rafiki mkubwa wa Charles. Waliendesha pamoja shule ya kijiji na chama cha makaa na nguo za maskini, ambacho Darwin alikuwa mtunza hazina wake. Emma aliwasaidia wenye njaa kwa mikate na wagonjwa kwa dawa. Charles aliwahi pia kuchangia kazi ya wamisionari wa Amerika ya Kusini, kwa sababu aliona mema waliyoyatenda.

Mwezi Juni 1858 barua ya Alfred Russel Wallace ilifika kutoka visiwa vya Asia, ikieleza nadharia ile ile aliyoificha Darwin kwa miaka ishirini. Majuma hayo hayo mtoto wao wa mwisho, Charles Waring, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, aliugua homa ya vipele vyekundu. Alifariki tarehe 28 Juni. Tarehe 1 Julai maandishi ya Wallace na ya Darwin yalisomwa mbele ya wataalamu wa London, na Darwin hakuwapo.

Kitabu kilitoka tarehe 24 Novemba 1859. Yaliyofuata yanajulikana, na mengine yametiwa chumvi. Mkutano wa Oxford wa mwaka 1860, ambao Askofu Samuel Wilberforce alipambana na Thomas Huxley, husimuliwa kama vita vya dini na sayansi, lakini hakuna aliyeandika neno kwa neno yaliyosemwa. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba mmoja wa watu wa kwanza kukisifu kitabu alikuwa kasisi, Charles Kingsley, na kwamba mtetezi wake mkuu nchini Marekani, mtaalamu wa mimea Asa Gray, alikuwa Mpresbiteri mcha Mungu. Kanisa Katoliki nalo, kwa waraka wa Papa Pius XII wa mwaka 1950, liliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa mwanadamu, likisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja.

Mwaka 1871 Darwin aliandika kwamba yamkini mababu wa binadamu waliishi katika Afrika, jambo ambalo wasomi wengi wa Ulaya hawakupenda kulisikia. Mwaka 1959 Mary Leakey aliokota katika bonde la Olduvai, Tanganyika, fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka milioni moja na robo tatu hivi. Mumewe Louis alikuwa mtoto wa wamisionari, mzaliwa wa Kabete, Kenya.

Asa Gray alimsihi Darwin auone mkono wa Mungu katika mpango wa viumbe. Darwin alimjibu kwamba hawezi kushawishika kuwa Mungu mwema alikusudia nyigu fulani atage ndani ya kiwavi aliye hai ili watoto wake wamle polepole. Hata hivyo hakuweza kuridhika kwamba ulimwengu huu wote ni kazi ya nguvu zisizo na akili. Aliona kwamba jambo hilo limeizidi akili ya mtu, kama vile mbwa asivyoweza kuyatafakari mawazo ya Newton.

WAKANAMUNGU MEZANI

Tarehe 28 Septemba 1881 wageni wawili walikuja kula chakula cha mchana Down House: Ludwig Büchner, mwandishi wa Ujerumani aliyevuma kwa kuikana dini, na kijana Mwingereza Edward Aveling. Emma hakufurahi. Lakini mwenye nyumba hafukuzi wageni, kwa hiyo alimwalika pia rafiki yao wa zamani Brodie Innes, kasisi aketi meza moja na wakanamungu.

Baada ya chakula Darwin aliwauliza wageni kwa nini wanajiita wakanamungu. Yeye alilipenda zaidi jina alilolitunga Huxley mwaka 1869 la mtu akirie kwamba hajui. Aveling alijibu kwamba tofauti ni ya ukali tu: asemaye hajui ni mkanamungu mpole, na mkanamungu ni yule yule aliyekaza sauti. Darwin akauliza kuna haja gani ya ukali huo, na kuna faida gani kuwasukumia watu mawazo mapya kwa nguvu kabla hawajawa tayari. Miaka miwili kabla yake alikuwa amemwandikia mtu mmoja kwamba hata aliposhuku sana hakuwahi kumkana Mungu kabisa, na kwamba mtu anaweza kumwamini Mungu kwa moyo wote na kuyakubali mageuko ya viumbe.

Mwulizaji huyo alikuwa ameishi na Emma miaka arobaini na miwili. Aveling hakuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani kwake.

BAADA YA KIFO

Charles Darwin alifariki nyumbani kwake tarehe 19 Aprili 1882, mkewe na watoto wake wakiwa karibu. Alimwambia Emma kwamba haogopi kufa hata kidogo, na kwamba amekuwa mke mwema kwake. Familia ilitaka kumzika Downe, lakini wakubwa wa London walimtaka, akazikwa tarehe 26 Aprili katika kanisa la Westminster Abbey. Emma hakwenda.

Wakati mwanawe Francis alipotayarisha kumbukumbu za baba yake, zilizotolewa mwaka 1887, Emma aliomba baadhi ya maneno makali juu ya dini yaondolewe, likiwemo lile la adhabu ya milele. Hakutaka marafiki waamini waumie. Maneno hayo yalirudishwa mwaka 1958 na mjukuu wa Charles, Nora Barlow.

Upande wa pili nao ulijaribu kuyasahihisha maisha yake. Mwaka 1915 gazeti moja la dini la Marekani lilichapisha habari za bibi mmoja, Lady Hope, aliyedai kwamba alimkuta mzee Darwin kitandani akisoma Waraka kwa Waebrania na kuijutia nadharia yake. Hadithi hiyo husikika hata leo katika mahubiri. Binti yake Henrietta aliikanusha waziwazi mwaka 1922: alikuwapo baba yake alipofariki, na bibi huyo hakuwapo. Ajabu ni kwamba Emma, ambaye habari hiyo kama ingekuwa ya kweli ingemfariji kuliko mtu yeyote duniani, hakuwahi kusema neno lolote la namna hiyo katika miaka kumi na minne ya ujane wake.

Emma alifariki tarehe 2 Oktoba 1896, akazikwa katika ua wa kanisa la Downe. Kati ya vitu alivyotunza palikuwa na kisanduku cha kuandikia cha Annie, ndani yake kalamu za manyoya, bahasha, nyuzi na unywele wa mtoto. Palikuwa pia na ile barua yake ya mwaka 1839. Chini yake Charles alikuwa ameongeza maneno machache kwa mkono wake, yasomwe akiisha kufa, kumjulisha mkewe kwamba mara nyingi aliibusu barua hiyo na kuilia.